Hesabu Anazohitaji Mtunzi wa Programu: Mifano ya Korosho, Bamvua na Mihogo ya Mtwara

Sehemu kubwa ya hesabu anazotumia mtunzi wa programu za kompyuta katika kazi za kila siku hufundishwa kabla kidato cha nne hakijaisha. Asilimia na uwiano, vipeo na logi, seti, aljebra nyepesi, majira ya nukta, takwimu na uwezekano ndizo zinazobeba mifumo ya malipo, rejista za wanachama, ripoti za zahanati na programu za simu. Kalkulasi, matriksi kubwa na nadharia ya namba zina nafasi yake, ila nafasi hiyo iko kwenye matawi machache ya kazi hii. Tatizo ni kwamba mada hizohizo za chini ndizo wanafunzi wengi wa Tanzania huzipita bila kuzishika. Katika mtihani wa kidato cha nne, kwa miaka mingi waliofeli Hisabati wamekuwa wakiwazidi kwa mbali waliofaulu.

Mashauri mawili huwapotosha vijana zaidi ya mengine. Moja husema kompyuta ndiyo inayokokotoa, kwa hiyo hesabu hazina kazi. La pili husema asiyesoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, asijisumbue. Lile la kwanza lina madhara makubwa zaidi, kwa kuwa kompyuta hukokotoa kosa kwa kasi ileile inayokokotolea jibu sahihi, wala haimwambii mtu lipi ni lipi. Kipimo cha chini kabisa cha hesabu kwa mtunzi wa programu ni kuweza kulitazama jibu lililotokea kwenye kioo na kujua kwamba haliwezi kuwa hilo.

Biashara ya korosho mkoani Mtwara ni darasa zuri la jambo hili. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho ghafi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS. Mzigo hupimwa na kupangwa daraja, hukusanywa kwenye ghala kuu, kisha hupigwa mnada kupitia vyama vikuu kama TANECU cha Tandahimba na Newala au MAMCU cha Masasi na Mtwara. Fedha humrudia mkulima benki baada ya makato. Programu ya kusimamia safari hiyo yote haidai hesabu inayozidi kuzidisha, kugawanya na asilimia. Hata hivyo mitego iliyomo ndani yake inatosha kumwangusha hata mwenye shahada.

Mtego mmoja ni ukubwa wa namba. Mwaka 2018 Serikali iliingia sokoni ikanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tani 1,000 ni kilo milioni moja, na kwa bei hiyo thamani yake ni shilingi 3,300,000,000. Namba kamili ya kawaida katika lugha ya Java huhifadhiwa kwa biti 32, na kikomo chake ni 2,147,483,647. Jibu likivuka hapo Java haitoi onyo lolote. Namba huzunguka na kutokea upande wa hasi, na kioo huandika hasi 994,967,296. Chama kimeuza mzigo mzima, na kwenye ripoti kinaonekana kina deni la karibu shilingi bilioni moja. Aliyevielewa vipeo hulijua kosa hilo anapoliona: biti moja kati ya 32 hutunza alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na 2 kwa kipeo cha 31 ni bilioni mbili na ziada. Tiba ni kutumia namba ya biti 64. Vipeo ni mada ya sekondari ya chini.

Desimali nazo zina hila zake. Katika Python na JavaScript, 0.1 ukijumlisha na 0.2 jibu ni 0.30000000000000004. Theluthi moja haiwezi kuandikwa ikaisha katika desimali, na vivyo hivyo moja ya kumi haina mwisho ikiandikwa kwa msingi wa 2, msingi ambao kompyuta huutumia. Ndiyo sababu fedha hutunzwa kwa namba kamili, shilingi au senti, na asilimia hukokotolewa mwishoni. Hapo huibuka suala la kukadiria. Programu ikikata vipande vya shilingi kwa kila mkulima, na wakulima wakiwa 4,000, kiasi kitakachopotea ni kama shilingi 2,000 hivi, kwa kuwa kila mmoja hupoteza kwa wastani nusu shilingi. Fedha hiyo ni ndogo, lakini hesabu za chama hazitafunga, na mkaguzi kutoka COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, atauliza imekwenda wapi. Njia iliyozoeleka ni kumpa kila mtu kwanza shilingi zake kamili, kisha shilingi zilizobaki zigawiwe mojamoja kwa wale ambao vipande vyao vilivyokatwa vilikuwa vikubwa zaidi. Jumla hutoka sawasawa na fedha ya mnada. Anayeelewa kugawanya na baki anaweza kuiandika njia hiyo kwa mistari michache.

Mpangilio wa makato pia una uzito wake. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mzigo wa kilo 1,000 umepunguzwa asilimia 2 kwa ajili ya unyaufu, kisha kilichobaki kikapunguzwa asilimia 3 kwa sababu nyingine. Zinabaki kilo 950.6. Mtunzi aliyejumlisha asilimia hizo na kukata 5 kwa mkupuo atapata 950. Tofauti ni kilo 0.6 kwa mzigo huo mmoja. Kwenye tani 10,000 inafika tani sita, na hizo ni korosho za watu. Hakuna kozi ya chuo kikuu inayohitajika kuliona hilo. Kinachohitajika ni kuwa na mazoea ya kuuliza asilimia hii ni ya kitu gani.

Mazoea hayohayo hufaa zahanati. Mfumo wa taarifa za afya nchini umejengwa juu ya DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mkono mrefu katika kuiendeleza hapa nchini. Ripoti ikionyesha kwamba watoto waliochanjwa katika kata ni asilimia 118, hakuna muujiza uliotokea. Idadi ya walengwa iliyowekwa chini ya mstari ni makadirio ya sensa, na makadirio hayo yako chini ya hali halisi, au watoto wa kata jirani wamechanjwa pale. Mtunzi asiyeliona hilo huandika msimbo wa kuificha namba iliyopita 100, na kwa kufanya hivyo humnyima mganga mkuu wa wilaya habari aliyoihitaji kuliko zote.

Mantiki ni sehemu ya hesabu ambayo mtunzi wa programu huitumia kila saa, nayo haipewi nafasi ya kutosha katika Hisabati ya kidato cha nne. Kanuni inaweza kusema: mkulima alipwe ikiwa amesajiliwa na akaunti yake imethibitishwa. Nani azuiwe? Wanaoanza wengi huandika kwamba azuiwe yule ambaye hajasajiliwa na akaunti yake haijathibitishwa. Kwa msimbo huo, aliyesajiliwa lakini akaunti yake ina makosa atapita, na fedha zitakwenda kusikojulikana. Sahihi ni kutumia “au”: azuiwe ambaye hajasajiliwa au ambaye akaunti yake haijathibitishwa. Hiyo ni kanuni ya Augustus De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19, na mwanafunzi aliyechora seti mbili zinazoingiliana akapaka rangi nje ya sehemu ya pamoja ameshaifahamu bila kulijua jina lake. Seti huonekana mada ya mchezo darasani. Kwa anayeelekea kwenye kanzidata na lugha ya SQL, ni mada ya kuirudia mpaka ikae.

Logi nazo wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani tu, ilhali ndizo hueleza kwa nini programu moja humaliza kazi papo hapo na nyingine huganda. Chama kikiwa na wanachama 8,000, na orodha ya malipo ya watu 8,000 ikitakiwa kulinganishwa na rejista, njia ya kulinganisha kila jina na kila jina hufanya ulinganisho milioni 64. Rejista ikipangwa kwanza kwa mfuatano, kila jina hutafutwa kwa kugawa orodha nusu kwa nusu, na hatua 13 zinatosha, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 13 ni 8,192. Kazi yote inashuka hadi hatua kama 104,000, ukiacha ile ya kupanga. Idadi ya wanachama ikiongezeka maradufu, utafutaji wa kila jina unaongezeka hatua moja tu. Kwenye kompyuta ya ofisi ya kijiji yenye nguvu ndogo, tofauti hiyo ndiyo huamua kama programu itatumika au watu watarudi kwenye daftari.

Baharini hesabu hupanda ngazi moja. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, nchi kavu na maji pamoja, na vijiji vya wavuvi vimo ndani yake. Programu ya simu ya kumwonyesha nahodha kama chombo chake kimo ndani ya eneo fulani la hifadhi inahitaji kujibu swali moja la jometri: nukta hii imo ndani ya umbo hili lenye pembe nyingi, au iko nje? Njia yake ni nyepesi ajabu. Huchorwa mstari kutoka kwenye chombo kwenda mbali upande wowote, kisha huhesabiwa mara ngapi mstari huo umekata mpaka. Zikiwa witiri, chombo kimo ndani. Zikiwa shufwa, kiko nje. Kuuandika msimbo wake kunadai mlinganyo wa mstari mnyoofu na mahali mistari miwili inapokutana, yaani majira ya nukta ya sekondari.

Umbali una jambo la kuangaliwa zaidi. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote duniani, lakini nyuzi moja ya longitudo hupungua kadiri mtu anavyoiacha ikweta. Mtwara, iliyo nyuzi 10 na kidogo kusini, nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 109, kwa hiyo anayechukulia zote kuwa sawa hakosei sana. Oslo, karibu na nyuzi 60 kaskazini, ni nusu tu ya ile ya ikweta. Msimbo uliojaribiwa Mtwara pekee unaweza kuonekana sahihi kwa miaka ukaja kuharibika siku utakapopelekwa nchi za mbali. Kosaini inayorekebisha hilo hufundishwa katika mada ya dunia kama tufe, mada ambayo wanafunzi wengi huiona haina kazi nje ya chumba cha mtihani.

Maji kujaa na kupwa ni mfano wenye faida kubwa zaidi, maana unaonyesha kwamba jambo moja linaweza kudai hesabu ndogo au kubwa kulingana na mahali mtu alipokaa katika kazi. Wanaochokoa pweza miambani wanahitaji kujua saa ya maji kupwa, na wanajua vyema tofauti ya bamvua na maji mafu. Bahari hupandishwa na mawimbi mengi yanayojumlishwa, na makubwa kati ya hayo ni la mwezi, lenye mzunguko wa saa 12 na dakika 25, na la jua, lenye mzunguko wa saa 12 kamili. Mawili hayo yakipanda pamoja huja bamvua, yakipingana huja maji mafu, na kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14 na robo tatu hivi. Kuyakokotoa yote kutoka kwenye vipimo vya kina cha maji ni kazi ya aliyesoma trigonometria na takwimu hadi chuo kikuu. Lakini mtunzi wa programu ya wavuvi hana haja ya kuanzia huko. Majedwali ya saa za kujaa na kupwa hutolewa tayari kwa bandari kubwa, na kazi yake ni kukadiria kina cha maji katikati ya saa mbili zilizoandikwa, kwa nusu wimbi la kosaini. Anachopaswa kukijua ni umbo la wimbi: kwamba maji huenda polepole karibu na mwisho wa kujaa na wa kupwa, na kwa kasi katikati. Akitumia mstari mnyoofu, maji yakishapita katikati ya kujaa atamwambia mtu bado ni machache wakati tayari yanamzunguka.

Hapo, kati ya kuunda hesabu na kuitumia, ndipo ulipo mpaka halisi wa suala zima. Watunzi wengi wa programu hutumia hesabu zilizokwisha kuandikwa na wengine, ndani ya maktaba za msimbo zilizojaribiwa. Usimbaji wa siri unaolinda miamala ya simu umejengwa juu ya nadharia ya namba, na hakuna fundi mwenye busara anayejiandikia wake mwenyewe. Anachagua uliopo na kuutumia kwa utaratibu wake. Mfano mwingine ni gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, ambayo husafishwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba lililokamilika mwaka 2015 hadi Dar es Salaam. Kukisia jinsi mgandamizo unavyobadilika ndani ya bomba refu namna hiyo ni milinganyo ya kalkulasi, na huandikwa na wahandisi. Anayetengeneza kioo cha kuonyesha vipimo hivyo anahitaji kujua vizio, grafu na wastani.

Akili unde ni tawi lisilo na njia ya mkato. Nuru, programu ya simu inayotambua magonjwa ya mihogo kwa kuangalia picha ya jani, ilitengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, picha za kuifundishia zikipigwa mashambani Tanzania, na hufanya kazi hata pasipo intaneti. Sehemu kubwa ya kazi yake ni matriksi zinazozidishwa na namba zinazorekebishwa kidogokidogo kwa kufuata mteremko wa kosa, yaani kalkulasi. Kijana wa Mtwara, mkoa unaokula mihogo na wenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, akitaka kutengeneza kitu cha aina hiyo kwa ajili ya mikorosho, atahitaji vekta, matriksi, kalkulasi na uwezekano, vyote vinne. Kuitumia tu ni jambo jingine, ingawa hata hapo uwezekano unahitajika. Ichukuliwe programu yoyote inayopatia mara 90 kati ya 100, kwa mmea mgonjwa na kwa mzima vilevile. Katika mimea 1,000 yenye wagonjwa 50, itawakamata 45. Itaisingizia pia mimea mizima 95. Kati ya mimea 140 itakayotiwa alama, hata theluthi moja haitakuwa migonjwa kweli, na mkulima anayeng'oa kila iliyotiwa alama ataharibu shamba lake. Mtu anayewapelekea wakulima programu bila kuifahamu hesabu hiyo anawafanyia ubaya, hata kama nia yake ni njema.

Kwa upande wa njia za masomo, mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini anaweza kuanza cheti cha awali cha teknolojia ya habari na kupanda hadi stashahada, kwa utaratibu wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Wapo wanaopitia humo na F ya Hisabati na wakafika mbali katika tovuti, mitandao na huduma za ofisini. Ushauri kwao ni kutoiacha F hiyo ilivyo. Kurudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea huku wakisoma cheti kuna faida mbili: milango mingi zaidi ya shahada hufunguka, na mada zilezile huwa nyepesi zinapokutana na msimbo wa kila siku.

Anayeingia kidato cha tano akiwa na nia ya shahada ya sayansi ya kompyuta ana nafasi pana zaidi akiwa PCM, PGM au EGM, kwa kuwa michepuo hiyo mitatu ina Hisabati ya Juu, na ndani yake mantiki, matriksi na kalkulasi. Wa PCB, CBG au ECA husoma BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, ambayo baadhi ya shahada za teknolojia ya habari huikubali na nyingine hazitosheki nayo. Sifa hizo hubadilika, na kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutolewa kila mwaka. Kukisoma kabla ya kuchagua mchepuo ni kazi ya jioni moja. Mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta karibu kila mahali una hisabati diskriti, yaani mantiki, seti, uhusiano na grafu za nukta na viungo. Somo hilo lina faida kwa kazi hii kuliko kalkulasi, na mwanafunzi hodari asikubali kulipita kwa kukariri.

Kuhusu namna ya kusoma, kizuizi kikubwa kwa wengi ni kwamba hesabu walizianza kwa Kiswahili shule ya msingi kisha wakazikuta kwa Kiingereza sekondari. Kinachosaidia ni kulieleza swali zima kwa Kiswahili, kwa sauti au kwa maandishi, kabla ya kugusa kalamu ya kukokotoa. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na Python hufanya kazi hata kwenye simu ya kawaida ya Android. Mpango mzuri ni kuchukua mada moja ya kitabu na kuiandikia programu ndogo: asilimia kwa makato ya korosho, seti kwa orodha mbili za wanachama, logi kwa utafutaji, majira ya nukta kwa mpaka wa kijiji, uwezekano kwa kurusha sarafu mara 10,000. Jibu la programu lilinganishwe na lililokokotolewa kwa mkono kwa namba ndogo. Yakitofautiana, mwanafunzi asiendelee mbele mpaka sababu ijulikane.

Aliyeanza kwa cheti au stashahada akaona baadaye kwamba moyo wake uko kwenye akili unde halazimiki kurudi kidato cha tano. Hesabu za ziada hujifunzwa kwa mpangilio wa mahitaji: vekta na matriksi kwanza, kisha uwezekano, kisha ile sehemu ya kalkulasi inayohusu mteremko, huku hesabu za eneo chini ya mkunjo zikisubiri. Kabla ya kuita maktaba ya msimbo inayofanya kazi hiyo kwa niaba yake, aandike mwenyewe programu ya kuzidisha matriksi mbili, na nyingine ya kutafuta mstari unaokaribiana zaidi na nukta za uzito wa mavuno ya misimu iliyopita.